Mzee Luhaga Hasali na Nyoka

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuteka maji, Sabina alikuwa na kazi moja ambayo wanawake wenzake wa kijijini hawakuwa nayo. Alizunguka nyuma ya nyumba, akachungulia kwenye kizimba cha mbao, akahakikisha kuwa chatu wa baba mkwe wake yupo na mlango umefungwa. Miezi ya kwanza ya ndoa alichungulia kwa mbali, miguu ikiwa tayari kukimbia. Siku hizi alikuwa amemzoea kama mtu anavyomzoea mbwa wa jirani.

Kijiji chao kiko upande wa Kisesa, si mbali na Bujora. Baba mkwe wake, Mzee Luhaga, alikuwa kiongozi wa kikundi cha ngoma ya nyoka. Ngoma hiyo aliirithi kwa baba yake. Baada ya mavuno, pamba ikishauzwa na watu wakiwa na nafasi, kikundi kilitoka kucheza. Watu walikuja hata kutoka Usagara kumwona mzee akizunguka uwanjani, chatu mzima amemlalia mabegani.

Jumapili, mzee huyohuyo alivaa shati jeupe, akaenda kanisani. Huko alipiga ngoma ya kwaya, na hakuna aliyempita kwa kuipiga. Hakuna pia aliyeona shida yoyote. "Uwanjani ni uwanjani, kanisani ni kanisani," mzee alizoea kusema.

Huo ulikuwa mwaka 1997. Milango ya biashara huria ilikuwa imefunguliwa, na Mwanza ilikuwa imechangamka. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vimejengwa kando ya ziwa. Shimba, mume wa Sabina, alifanya kazi katika kimojawapo, akirudi nyumbani kila mwisho wa juma. Wageni kutoka nchi za mbali nao walianza kuonekana vijijini, wakitaka kuona ngoma. Kikundi kikahitaji mtu wa kuwaeleza wageni kwa Kiingereza. Sabina alikuwa amemaliza kidato cha nne, basi wote wakamtazama yeye.

Sabina alifurahi. Alikipenda Kiingereza tangu shuleni. Alisikiliza redio akiwa anapika, na kila aliposikia neno refu alilirudia mpaka likakaa kichwani. Aliamini kwamba mtu anayejua maneno marefu ndiye anayejua lugha. Maneno mafupi hakuyajali, kwa sababu aliona kwamba hata mtoto anayajua.

Siku moja wakaja wageni wa namna ya pekee. Walikuwa walimu kutoka Ulaya, nao walifikia kwenye nyumba ya wageni ya parokia. Mzee Luhaga alicheza siku hiyo kama kijana. Sabina alisimama mbele, amevaa kitenge kipya, akaeleza. Alieleza kwamba mzee hucheza na nyoka tangu utoto, kwamba baba yake ndiye aliyemfundisha, na kwamba hata nyumbani, mbele ya wajukuu, yeye hucheza na nyoka. Hapo alitegemea wageni wacheke, maana kila mtu hucheka hapo.

Wageni hawakucheka. Mama mmoja mnene mwenye miwani alishika msalaba aliouvaa shingoni. Wengine walitazamana. Soda zilizoandaliwa hazikunywewa. Waliaga kwa adabu, wakaingia garini.

"Labda ni jua," alisema Sabina.

"Labda," alisema mzee, lakini aliliangalia gari mpaka likapotea.

Jumamosi iliyofuata, Sabina alikuwa uani akimenya karanga pamoja na jirani yake, Mwalimu Roza Okomo. Mwalimu Roza alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa kandokando ya ziwa huko Mara. Alifundisha Kiingereza katika shule ya sekondari, na alipanga nyumba ya pili kutoka hapo. Mzee Luhaga alikuwa kivulini akirekebisha kizimba. Mara akaingia katekista Mihayo. Walisalimiana, lakini katekista hakutaka kukaa.

"Mzee Luhaga," alisema, "nimetumwa na Paroko. Anaomba upumzike kupiga ngoma ya kwaya, mpaka mtakapozungumza."

Mzee aliweka nyundo chini. "Nimekosa nini?"

Katekista alitazama miguu yake. "Inasemekana unasali na nyoka."

"Ninasali na nyoka?"

"Ndivyo walivyosema wale walimu wa Ulaya. Wanasema unafanya hivyo tangu utoto, na kwamba unawafundisha wajukuu. Paroko aliwauliza nani kawaambia. Wakasema ni mtu wa nyumba hii hii, na alieleza waziwazi."

Wote wakamgeukia Sabina. Karanga zilimponyoka mkononi.

"Sikusema hivyo, baba," alisema. "Mungu ni shahidi. Nilisema unacheza na nyoka. Kwa nini niseme unasali? Mimi mwenyewe nakuona kanisani."

"Mama Ndalahwa," alisema Mwalimu Roza kwa upole, akimwita Sabina kwa jina la mtoto wake, "hebu sema tena. Sema kwa Kiingereza, kama ulivyowaambia wao."

Sabina alijifuta macho, akasimama, akasema: "He prays with snakes."

Mwalimu Roza alisogeza karanga kando. "Rudia neno la pili peke yake."

"Prays."

"Ndilo hilo. Kucheza ni 'play'. Kusali ni 'pray'. Wewe unakusudia 'play', lakini ulimi wako unatoa 'pray'. Wageni wamesikia ulichokisema, hawakusikia ulichokusudia."

Sabina alikaa chini. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Baba mkwe wake, ambaye hakuwahi kumkosea neno, alikuwa amevunjiwa heshima mbele ya Paroko, na aliyemvunjia ni yeye.

Mzee Luhaga alimwomba Mwalimu Roza ayarudie maneno yale mawili. Alisikiliza kwa makini, ameinamisha kichwa. "Mimi nasikia neno moja," alisema mwishowe.

"Siyo wewe tu, mzee. Kisukuma hakina ugomvi kati ya 'l' na 'r'. Hata Kiswahili chetu cha huku kimezoea kusamehe. Mtu akikuita 'lafiki', unaitika. Lakini Kiswahili nacho kina mpaka wake. Unakumbuka mwaka wa uchaguzi? Balozi wetu wa nyumba kumi alitutangazia twende wote tukapige kula."

Katekista Mihayo alishindwa kujizuia, akacheka. "Na kweli kuna waliokuja na sahani," alisema.

Mzee naye akacheka, na uani pakawa na hewa tena. "Basi ni ulimi tu," alisema. "Ulimi hauna mfupa, mama. Usilie."

Jumapili baada ya misa, Mzee Luhaga, Sabina na Mwalimu Roza walikwenda kwa Paroko. Sabina aliogopa sana, lakini alisema mwenyewe. Aliyataja maneno yote mawili, akaeleza yalivyomchanganya. Paroko alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mzee.

"Nilipaswa kukuuliza wewe kwanza, kabla ya kumtuma mtu," alisema. "Rudi kwenye ngoma yako. Wale walimu wameondoka kwenda Nansio. Wakirudi nitawaeleza mimi mwenyewe."

Njiani kurudi, Sabina alisema hataki tena kuzungumza na wageni. "Watafute mtu mwingine, baba. Mimi nimekoma."

"Mtu mwingine atajikwaa palepale," alijibu mzee. "Wewe angalau sasa unajua shimo liko wapi."

"Njoo kwangu jioni, baada ya kupika," alisema Mwalimu Roza. "Hata mimi sikuzaliwa na lugha hiyo. Sisi Wajaluo tunapata taabu na 's' na 'sh'. Nilipokuwa chuoni nilisoma mbele ya darasa habari ya meli, na kila penye 'ship' nilisema 'sip', yaani kunywa kidogokidogo. Walicheka mpaka mkufunzi akatoka nje. Nilijifunza, na wewe utajifunza."

Basi Sabina akaanza kwenda. Siku ya kwanza Mwalimu Roza hakumpa kitabu. Alimpa kioo kidogo.

"Tazama kinywa chako," alimwambia. "Kwenye 'play', ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu. Ibonyeze hapo uisikie. Kwenye 'pray', ulimi haugusi popote. Unajikunja katikati ya kinywa, kama chatu wenu kizimbani."

Sabina alijaribu. Mwanzoni yote mawili yalitoka sawa. Mwalimu Roza alimgeuzia mgongo, akawa anataja neno moja, na Sabina anajibu ni lipi. Alikosea mara nyingi. "Sikio kwanza, ulimi baadaye," alisema mwalimu. "Usilolisikia huwezi kulisema." Siku zilivyopita, sikio likafunguka. Akaongeza mengine: 'glass' ni kioo, 'grass' ni majani. 'Collect' ni kukusanya, 'correct' ni kusahihisha. Kila neno alilitungia sentensi yake, akaisema kwa sauti akiwa anafagia au anatwanga. Shimba aliporudi kutoka mjini alimkuta mkewe anauambia mchi habari za majani na vioo, akamuuliza kama yuko mzima.

Siku nyingine Mwalimu Roza alimwambia: "Sasa nikuambie kosa la pili. Hata kama ungesema 'play' vizuri, bado usingesema sawa. Kwetu kucheza ni kucheza, iwe ngoma, iwe mpira. Kiingereza kimeligawa neno hilo. Mpira ni 'play'. Ngoma ni 'dance'. Baba mkwe wako anacheza ngoma. Sema 'He dances with snakes', na hakuna atakayeshika msalaba."

Sabina alibaki ameduwaa. "Kumbe hilo neno dogo nililijua siku zote."

"Maneno madogo ndiyo yanayotuangusha, kwa sababu hatuyaangalii. Halafu yako yale yanayofanana kama mapacha. Mapacha huwezi kuwajua kwa kumwona mmoja. Waweke pamoja, utafute alama. Wewe uliwaambia wageni kwamba ngoma hii ni 'costume' ya Wasukuma, sivyo?"

"Ndiyo. Desturi."

"Desturi ni 'custom'. 'Costume' ni mavazi, kama yale manyoya na njuga anazovaa mzee. Na nyoka wenu, ulisema hana sumu?"

"Nilisema 'not poisonous'. Hapo sikukosea."

"Watu wengi husema hivyo, na utaeleweka. Lakini wanaozijua habari za nyoka hutenganisha. Kitu kinachokudhuru ukikila au ukikigusa, kama uyoga mbaya, ni 'poisonous'. Mnyama anayekutia sumu kwa kukuuma ni 'venomous'. Swila ni 'venomous'. Chatu siye."

"Na neno likinipotea mbele ya wageni?"

"Lizunguke. Ukikosa neno la kizimba, sema nyumba ya mbao ya nyoka. Ukiwa na shaka na neno refu, liache, utumie fupi unalolijua. Na ukiona nyuso zimebadilika, usiseme ni jua. Uliza wamesikia nini."

Mwezi wa nane likaja gari lingine la wageni. Sabina hakuwa na usingizi mzuri, lakini alitoka. Aliposimama mbele yao, aligusa kwanza nyuma ya meno kwa ncha ya ulimi, kimyakimya. Kisha akasema polepole kwamba baba mkwe wake hucheza na nyoka, akatumia 'dance'. Akasema hii ni desturi, 'custom', na akaonyesha njuga za mzee, akasema hayo ndiyo mavazi, 'costume'. Mzee mmoja wa Kizungu mwenye kofia aliuliza kama nyoka yule ana sumu. Sabina akajibu kwamba si 'venomous', nguvu yake ni kubana. Mgeni aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akaandika. Mara moja tu aliona mama mmoja amekunja uso. Akasimama, akamuuliza amesikia nini. Kumbe alisikia kwamba chatu anakula watoto. Sabina alikuwa amesema anakula kuku, 'chicken', naye akasikia 'children'. Akalirudia neno, yule mama akatulia, akasogea mbele zaidi.

Mwishoni, kijana mmoja wa kike katika wale wageni aliuliza swali kwa mzee mwenyewe. Sabina akamgeukia baba mkwe wake.

"Anauliza kama wewe huogopi."

Mzee Luhaga alimpangusa chatu vumbi kwa kiganja. "Mwambie ninaogopa kila siku. Ndiyo maana bado ni mzima. Mwenzangu ambaye hakuogopa, tulimzika."

Sabina alifikiri kidogo. Maneno yote yalikuwa mafupi. Akayapanga, akayasema moja baada ya jingine, kama mzee alivyoyasema, bila kuongeza wala kupunguza. Halafu wageni wakaangua kicheko, na yule mwenye kofia akaja kumshika mzee mkono kwa mikono miwili.

Soda zilinywewa zote siku hiyo. Wageni walikaa mpaka jua likapungua, wakijaribu njuga na kupiga ngoma vibaya, huku watoto wakiwafundisha. Mwalimu Roza alipopita kutoka shuleni, Sabina alimwomba awakubali pia vijana wawili wa kikundi waliotaka kujifunza. Akakubali, ila waje na kioo chao.

Gari lilipoondoka, Mzee Luhaga alikaa kwenye kigoda, amechoka na amefurahi.

"Mimi Kiingereza sikijui," alimwambia Sabina. "Lakini leo nimekielewa."

"Umekielewaje, baba?"

"Wamecheka palepale ninapocheka mimi."