Mahindi ya Hasamba

Alinanuswe alimkanyaga Athuman kwenye foleni ya malori mpakani Tunduma, akikimbia kuokoa sampuli zake zisilowe mvua. Alikuwa na koti jeupe na buti za mpira. Athuman, mfanyabiashara wa mahindi, alivaa shati la samawati lililonyooshwa vizuri.

"Dada, umenikanyaga na pole hunipi?"

"Pole. Sogeza na mguu huo mwingine, nao usije ukakanyagwa."

Athuman akacheka. Miezi michache baadaye alikuwa akimpigia Alinanuswe simu kila asubuhi, "Mama, umekunywa chai?", na habari za posa zilikuwa zimeshafika kwa wazazi wake Alinanuswe, Itumba.

Kazi ya Alinanuswe ilikuwa kupima sumukuvu, sumu ya ukungu inayoingia kwenye nafaka isiyokauka vizuri na kuharibu ini la mlaji. Alisaga punje, akachanganya unga na dawa, akachovya kikaratasi, kisha akakipiga picha kwa simu. Programu iliyofundishwa kwa maelfu ya picha za vipimo ilisoma mistari ambayo macho ya watu yangebishania.

Zamu ya lori la Athuman ilipofika, simu ikaonyesha nyekundu: sumu imezidi.

"Rudia, mpenzi."

Akarudia. Nyekundu tena.

"Hiyo programu imefundishwa kwa mahindi ya watu wengine," Athuman alisema. "Haya ni ya kijijini Hasamba, nimeyachagua mwenyewe."

"Nitapeleka sampuli maabara. Lori lisiondoke."

"Unaniamini mimi au simu?"

"Athuman, usiniulize hivyo hapa."

Mchana lori halikuwepo. Alimpigia, hapatikani. Akapiga tena na tena. Alizijua njia za panya za kuvukia Zambia, na alijua uji wa mahindi yale wangeunywa watoto. Akaenda kwa wakaguzi wa mpakani, akawapa namba ya lori.

Athuman alikamatwa jioni ile, akalala kituoni. Asubuhi Alinanuswe alipofika, mkaguzi Isaka alimwambia, "Hakuwa anavuka. Tumemkuta barabara ya Mbozi, anarudi alikotoka. Mzigo wote upo. Tunamwachia."

Athuman akatoka, shati limekunjamana.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliondoka na hasira. Nilipofika Vwawa zikapoa, nikamkumbuka Rozi aliyeniuzia, nikaenda kumwonya. Bado anayo mahindi yaleyale ghalani, na ana mapacha wadogo. Simu ilikuwa imeisha chaji."

"Nilidhani unavuka."

"Najua ulichodhani. Ulinitaja kwa wakaguzi, Alinanuswe."

"Nilikutaja. Na lori likiondoka tena, nitakutaja tena." Akafuta macho. "Ila nimelia sana."

Athuman akaelekea kwenye lori. "Chukua vipimo vyako. Twende Hasamba."

Kwa Rozi, Alinanuswe alisaga, akachovya, akapiga picha. Nyekundu. Mapacha walikuwa wameketi mkekani na vikombe vya uji mkononi. Rozi aliwanyang'anya, akamwaga uji wote nje, kisha akakaa chini na kuuliza kwa sauti ndogo, "Nao wamekuwa wakiunywa tangu mavuno. Itakuwaje?"

Alinanuswe akaketi kando yake. "Tutawapeleka hospitali leo, dada. Twende wote."

Athuman akambeba pacha mmoja, akamfungulia Alinanuswe mlango wa lori.

"Mwambie baba yako nitakuja Itumba," alisema bila kutabasamu. "Lakini si mwezi huu. Bado inaniuma."

"Nitamwambia," alijibu Alinanuswe, akampokea mtoto.