Komode ya Mtoto wa Karani

Nepi zilikuwa zimekauka kabisa juani. Pulchérie alizikunja mwenyewe asubuhi, akazipanga katika droo ya juu. Mchana alipoivuta droo, zilikuwa zinachuruzika maji. Maji yenyewe yananuka tope na ndagala, wale dagaa wa ziwani, na Fizi ni mlimani. Ziwa liko chini huko, unalitazama kwa mbali tu.

Alimshuku wifi yake. Kwa kweli Pulchérie alikuwa mtu wa kushuku mawifi. Wifi naye hakumeza: alimjibu kwamba anayetaka vyombo vya madame ajifunze kwanza kuvianika. Maana tusidanganyane, ile komode ilikuwa imewachosha bamama wa Fizi. Placide, mume wake, alikuwa karani wa biro, ofisi ya Wazungu, na mwaka ule wa hamsini na sita Pulchérie aliona kabati fupi la droo katika chumba cha mtoto wa Mzungu, akaapa kwamba mimba yake haitazaliwa ikakuta nguo zimo kikapuni. Wakaiagiza kwa Useni, seremala wa Baraka, mji wa kule chini ziwani. Komode ilipofika, kila mgeni alivutiwa droo zote, hata aliyekuja kuomba chumvi.

Sasa wageni hawakuja tena. Walisema chumba kinanuka.

Kilichofuata hakikungoja hata usiku. Jua likiwa utosini, Pulchérie alisikia ndani ya komode maji yakipiga mbao, taratibu, kama yanavyopiga ubavu wa mashua iliyofungwa. Akasema moyoni ni panya, na sauti ikaendelea, akaimba kidogo ili asiisikie, na sauti ikaufuata wimbo wake, na droo ya chini, ambayo haikuwa na kitu, ikajisukuma nje kidogo kidogo kama mtu anayenyoosha mguu, na binti yake Félicité pale kwenye mkeka akakohoa, akatapika, na alichotapika hakikuwa maziwa, yalikuwa maji ya kijani yenye magamba ya samaki, na mtoto alikuwa hajaonja kitu duniani isipokuwa titi la mama yake.

Padri alikuja akanyunyiza. Droo zikakauka siku hiyo, kesho yake zikalowa zaidi, na mtoto akazidi kuwa baridi. Placide, ambaye biro ilikuwa imemfundisha kucheka habari za majini, akaacha kucheka, akatuma Useni aitwe.

Useni alifika, akakataa kuvuka kizingiti. Pulchérie akamfuata nje na mtoto kifuani, akamshikisha ule mguu mdogo wa baridi.

"Mbao ilitoka wapi, baba?"

Useni alitazama chini. "Ni ya mashua ya Bonaventure."

Pulchérie akaunyakua ule mguu wa mtoto. Huko Baraka kila mtu anajua: mashua iliyorudi peke yake bila mwenyewe haivunjwi, haichomwi, hata kuku akitaga ndani yake yai haliliwi. Inaachwa ioze ikitazama maji, kwa sababu aliyeirudisha bado amekaa ndani. Na ya Bonaventure, yule mvuvi, ilirudi hivyo; mwenyewe hakuonekana tena.

"Mbao nzuri nilikosa," Useni akasema chini chini. "Nikafikiri Fizi iko mbali. Vitu vya ziwa haipandake mulima."

"Imepanda. Ni we ulibeba."

Wakaishusha komode mpaka Baraka, kwa Maalim Yunusu, mtoa majini. Maalim hakugusa mbao. Alisema jini limevunjiwa chombo chake, sasa linatafuta chombo kingine cha kukaa, na limemchagua mtoto. Mkono uliovunja mashua ndio uirudishe ziwani. Lakini jini litamvuta huyo anayerudisha, kwa hiyo mtu aliyesimama nchi kavu amwite kwa jina mfululizo mpaka arudi. Kinywa cha Maalim kingekuwa na kisomo. Kazi ya kuita akampa Pulchérie.

"Usinyamaze, mama," akamwambia. "Hata kidogo."

Ubani ukafuka. Maalim akafumba macho, akaanza kusoma. Useni akaisukuma komode, maji yakamfika magotini, na Pulchérie akaita jina lake. Seremala akasita, akageuza kichwa, na pale pale Félicité akakakamaa mgongoni kwa mama yake, pumzi ikakatika. Pulchérie akaita tena kwa hofu. Useni akarudi nyuma hatua, na mtoto akawa mzito kama mchanga uliolowa.

Pulchérie akanyamaza.

Maji yakamfika Useni kiunoni, mtoto akavuta pumzi. Yakamfika kifuani, ule mguu mdogo ukaanza kupata joto, na Useni, ambaye sasa hasukumi tena bali anavutwa, mikono imenasa kwenye droo, akageuza uso kumtafuta yule wa kumwita, akamwona, wakatazamana, na Pulchérie akamfungua mtoto mgongoni, akamweka kwenye titi, akainamisha macho, akamwangalia mtoto tu.

Maalim alipofumbua macho, ziwa lilikuwa shwari, tupu.

"Ulimwita, mama?"

"Nilimwita, Maalim."

Félicité alikuwa ananyonya kwa pupa, mpaka maziwa yanamtoka pembeni mwa mdomo.