Mguu wa Devota

Ndugu zangu, nawaomba mnisikilize. Jambo hili lilitokea hapa hapa Gulwe, na mimi Jenifa, mnayeniita Mama Elisha, liliniingia hadi ndani ya nyumba.

Nathanaeli na mkewe Devota ni majirani zangu. Jioni moja Devota alikuwa mkekani akimenya karanga, huku akiimba wimbo wa kwaya na mumewe akimwitikia kutoka zizini. Alipoinuka akashangaa. "Mbona kandambili hainiingii?" Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba.

Miaka kadhaa kabla ya hapo, wahudumu wa afya walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba na dawa za kingatiba ya matende. Devota alikwisha kunyoosha mkono apokee, Nathanaeli akamkemea: "Hizo zinaua uzazi!" Akaurudisha mkono.

Uvimbe ukapanda hadi gotini. Kila baada ya wiki chache homa ilimtetemesha. Nathanaeli hakutulia: leo mizizi, kesho mafuta, keshokutwa mganga mwingine. Wa mwisho alimchanja mguu mzima kwa wembe, kisha akasema, "Amekanyaga kitu kilichofukiwa njiani na jirani mwanamke."

Jirani mwanamke nilikuwa mimi peke yangu.

Tangu siku ile salamu yangu haikuitikiwa. Nikifika bombani, wenzangu waliondoka na ndoo tupu. Nathanaeli alijenga ua wa miiba kati yetu, akamhamishia Devota kwenye kibanda cha nyuma ili wageni wasimwone. Hebu niambieni, nani alimwosha? Hakuna. Chale zikaoza.

Siku ya mnada, Nathanaeli akiwa hayupo, nilisikia sauti: "Mama Elisha, maji..." Nilisimama penye ua. Nikiingia na akafia mikononi mwangu, watasema nimemmaliza. Akaita tena. Nikapenya, miiba ikanichana mikono. Mwili wake ulikuwa wa moto. Nikaita bodaboda, nikapanda nyuma yake nikimshikilia hadi zahanati.

Muuguzi Klara hakuziba pua. Alikuwa akisafisha vidonda Nathanaeli alipoingia akihema, amenyoosha kidole usoni pangu.

"Mchawi! Umemleta afe huku?"

"Baba, shusha mkono," Klara akasema. "Haya ni matende. Ni minyoo inayoenezwa na mbu, hukaa mwilini miaka mingi kabla mguu haujavimba. Na vijidudu vya homa hii vimeingilia kwenye hizo chale."

"Kwa hiyo Jenifa..."

"Jenifa amemwokoa mkeo."

Nathanaeli alikaa sakafuni. Baadaye akauliza kwa sauti ndogo, "Mguu utarudi?"

"Hautakuwa kama zamani. Mngemeza zile dawa mapema, huenda tusingefika hapa."

Jumapili alisimama kanisani. "Nilimsingizia Jenifa. Mke wangu nilimficha kama kitu cha aibu."

Sasa kila siku anamwosha Devota mguu kwa maji na sabuni, anaukausha hadi katikati ya vidole. Homa zimepungua, ila uvimbe upo. Mimi nimemsamehe. Lakini baadhi yenu hadi leo hamli chakula changu, na mnajijua.

MAFUNZO

Matende hayatokani na uchawi, yanaenezwa na mbu. Wahudumu wakija na kingatiba, meza. Lala ndani ya chandarua. Mgonjwa wa matende asichanjwe chale wala asifichwe. Aoshwe mguu kila siku na apelekwe zahanati. Na wewe unayetaka kumwita jirani yako mchawi, jua kwamba siku utakapozidiwa, huenda ni yeye peke yake atakayekusikia ukiita.