Hapana ya Mzee Gakwaya

Kizibo kilifyatuka paa! na maji yakamrukia Gatesi kuanzia kidevuni hadi kwenye furushi la vitenge alilotoka nalo Goma asubuhi ile. Gare ya Gisenyi ilikuwa imejaa watu wanaogombea basi la Kigali, na ghafla wote wakaziba pua. Maji yenyewe yalinuka kama yai viza.

"We kaka! Umebeba mayai ya mwaka gani humo?"

Kijana mwenye chupa, shati jeupe limechomekwa vizuri, miwani imeteleza mpaka ncha ya pua, alitamani ardhi immeze.

"Pardon, dada. Si mayai. Ni maji ya ziwa."

"Ziwa gani? Mi nimezaliwa hapa, nafua mu hili ziwa. Halijanuka hivi hata siku moja."

"Unafua juu. Haya yametoka chini kabisa, kule kwenye gesi. Napeleka universite, yapimwe."

"Yani unapanda basi kupeleka maji ya kunuka? Na mama yako anajua?"

"Serikali inajua," alisema kijana, na hapo ndipo akatabasamu. "Ndiyo inalipa."

Gatesi alitaka kukasirika, kicheko kikamtoka. Na mtoto wa kike akishacheka na mvulana huku amelowa, jueni kazi imeanza.

Kijana aliitwa Régis. Alikuwa mmoja wa wanafunzi waliochaguliwa kusomea gesi ya Kivu. Serikali ilikuwa imeipa universite fedha za uchunguzi, za mashine za kupimia, na za kuwafundisha vijana wa nchi hii hii, ili siku moja gesi ya ziwa iwe mikononi mwa watu walioizoea harufu yake.

Jumamosi akarudi na kitenge kipya, chekundu chenye maua ya bluu. Gatesi alimpokea ufukweni, gauni la njano limemkaa mwilini kama limeshonwa asubuhi hiyo, hereni zinameta masikioni. Walikula sambaza za kukaanga kwa vidole, upepo wa ziwa ukiwapiga, na Régis akaeleza mambo ya gesi mpaka samaki wakapoa.

Baada ya hapo simu hazikupumzika.

"Allo, Bwana Gesi?"

"Allo, sukari yangu. Niko mu mashua, katikati ya maji."

"Unanikumbuka mimi, ao unakumbuka chupa?"

"Chupa ziko na mutu wa kuziangalia. Mi nakukumbuka we."

"Muongo! Bon, sema tena."

Basi ikaja habari yenye sukari na pilipili pamoja. Régis amepewa nafasi ya kwenda kujifunza zaidi ng'ambo, miaka miwili, serikali ndiyo inayogharamia, kwa ahadi kwamba atarudi kufanya kazi kwenye ziwa la kwao.

"Miaka miwili, cherie," alisema. "Siwezi kupanda ndege nikakuacha hivi hivi. Wazee wangu watakuja kwenu kufata irembo."

Kufata irembo ni kushika lango la nyumba ya binti, mchumba mwingine asije akabisha hodi. Mama yake Gatesi, Nyirasafari, alifurahi mpaka akaanza kusugua masufuria ambayo hayakuwa machafu.

Zikiwa zimebaki siku chache wazee waje, akaja Verediane, jirani anayeuza avoka.

"Weee Gatesi, kaa chini kwanza."

"Kuna nini, tantine?"

"Mi natoka Nyamyumba, kwenye maji moto. Huyo Régis wako nimemuona kule na haya macho. Amepiga magoti mbele ya musichana, muzuri kabisa! Mikono yao iko pamoja."

"Umemufananisha na mutu mwingine."

"Na ile miwani? Mwana wangu, ningekuwa we, ningefungua macho."

Sasa, simu ilikuwa mkononi mwa Gatesi, na vocha ilikuwemo. Neno moja tu: "Régis, ulikuwa na nani?" Hakuliuliza. Alilimeza, nalo likakaa tumboni likichacha. Jioni Régis akapiga, Gatesi akakata. Kesho yake akapiga tena, akakata tena. Alilia mpaka mto ukalowa, lakini kuuliza, hapana! Kiburi cha msichana aliyeumizwa ni kama kufunga mlango wa nyumba inayoungua, na mwenyewe umo ndani.

Akaenda kwa baba yake mdogo, mzee Gakwaya, msemaji wa ukoo.

"Baba mudogo, wakikuja, ukatae."

"Nakataa siku zote. Ndiyo kazi yangu."

"Mi sisemi mchezo. Ukatae kweli. Verediane amemuona Nyamyumba, amepigia magoti musichana mwingine. Na mama usimwambie."

Mzee alimtazama sana, akatikisa kichwa. "Kweli kabisa?"

"Kweli kabisa."

Wageni wakafika wakiwa wamevaa suti, wamebeba bia na fanta. Msemaji wao alikuwa mzee Bizumuremyi wa Kanzenze, mwenye fimbo na sauti ya ngoma. Régis alikaa kati ya wenzake, kichwa chini, maana siku hiyo mvulana hasemi. Gatesi, amevaa vazi la sherehe, mushanana ya zambarau, alisimama nyuma ya pazia.

Na hapa muelewe desturi. Kwetu msemaji wa binti hakubali haraka. Anakataa, anazusha makosa ya uongo, wageni wanacheka, wanabembeleza, ndiyo raha yenyewe.

"Huyu binti hatumutoi," alisema Gakwaya.

Makofi.

"Nasema kweli. Chukueni bia yenu murudi."

Makofi na vigelegele. "Huyu muzee ni fundi!"

"Jamani, sichezi!" Jasho lilikuwa linamtoka. "Kijana wenu ameonekana Nyamyumba, amepiga magoti mbele ya binti mwingine!"

Watu walicheka mpaka viti vikalia. Bizumuremyi alijifuta machozi. "Kusemea ukoo nimeanza zamani, lakini uongo mutamu hivi sijasikia!"

Mmoja tu hakucheka. Régis alisimama, desturi au si desturi.

"Muzee, si uongo. Nilipiga magoti."

Kicheko kikakatika. Nyirasafari akaangusha sinia.

Ndipo msichana mmoja upande wa wageni, Liliane, mwanafunzi mwenzake Régis, akashika mbavu. "Mana we, Mungu wangu! Ni mbele yangu! Tonton, yale ni masomo! Gesi inatoka chini na mapovu. Mumoja anapiga magoti anashika faneli juu chini mu maji, mwingine anashika chupa. Ukitikisika, mapovu yanatoroka, unaanza upya. Magoti ilikuwa ya gesi, si ya mimi! Mi niko na bwana na mutoto."

Gatesi hakungoja kuitwa. Alitoka nyuma ya pazia, uso umemwiva kwa aibu.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikupigia," alisema Régis taratibu. "Ulikata. Leo nilikuja nikijua pengine hunitaki tena. Ningesafiri hivyo hivyo, Gatesi, na sijui kama ningekuwa na nguvu ya kurudi kubisha hapa."

Gatesi aliona miaka miwili, kisha miaka yote, ikipita bila sauti ile.

"Donc," Bizumuremyi akakohoa, "jibu ni nini?"

"Mi naacha kazi," alisema Gakwaya, akajitupa kitini. "Leo ndiyo nimesema kweli, na hakuna aliyeniamini. Muulizeni mwenyewe."

"Nisamehe, mupenzi," alisema Gatesi. "Irembo ni lako. Uende, usome, urudi."

Vigelegele vilisikika mpaka barabarani, na Verediane alikuwa wa kwanza kupiga makofi.

Lakini wewe binti unayesoma haya, usicheke ukasahau. Ukiwa na neno moyoni, muulize mwenyewe. Si kila mlango una wageni wanaofukuzwa, wakacheka, wakabaki wamekaa.