Hodi Kutoka Ndani

Jua lilikuwa linazama na fundi milango alikuwa amebakiza mlango mmoja. Mgongo ulimuuma tangu asubuhi, magoti yalikuwa yamegoma kukunjuka, na kama si kwa ajili ya kitinda mimba wake angekwisha kujiendea nyumbani akalale na viatu miguuni.

Jengo lilikuwa hospitali ya zamani, ya mawe, yenye kuta nene na madirisha marefu. Wagonjwa walihamishwa zamani, popo wakarithi, na sasa lilikuwa linageuzwa hosteli ya wanafunzi. Wakubwa wa mambo ya kale walitoa amri moja: milango ya asili isibadilishwe. Basi fundi aliing'oa, akaipiga randa, akairudisha pale pale. Kilichohama ni kitu kimoja tu. Katika wadi ya mwisho, walikotengwa wenye maradhi ya kuambukiza, makomeo yalikuwa nje, upande wa korido. Mwanafunzi hafungiwi kama mbuzi, kwa hiyo fundi aliyahamishia ndani.

Chumba cha mwisho kabisa msimamizi wa ujenzi alikuwa amemwahidi fundi kwa ajili ya binti yake, yule kitinda mimba. Kila siku msichana aliamka gizani kwenda chuo, akarudi gizani, akasinzia juu ya vitabu. Fundi alikitaka chumba kile kuliko alivyotaka kupona mgongo.

"Mzee, tuonane kesho," msimamizi alimwambia. "Huo mlango hauna miguu, utaukuta."

"Acha nimalize. Kiporo cha kazi hunikosesha usingizi."

Msimamizi akaenda zake. Akabaki yeye, na mlinzi kule getini.

Fundi akapiga magoti koridoni, skrubu mdomoni, akawa anakaza bawaba ya chini. Rangi mpya ilinukia. Chini ya rangi kulikuwa na harufu nyingine, ya dawa ya kuoshea vidonda... na ya shuka zilizolaliwa muda mrefu.

"Hodi..."

Ilikuwa sauti ya chini, ya mtu aliyechoka. Fundi aliuelewa uchovu ule, maana na yeye alikuwa nao. Akatema skrubu kiganjani, akajibu bila kuinua kichwa, kama anavyojibu mtu yeyote aliyelelewa.

"Karibu."

Kisha bisibisi ikasimama.

Yeye alikuwa nje. Hodi ilitoka ndani.

Akachungulia. Kitanda kipya, dirisha la nondo, basi. Kitu baridi kikampita begani. Kwenye vumbi la mbao lililotapakaa sakafuni zikaanza kujichora nyayo, mmoja baada ya mwingine, za miguu mitupu. Zilikuwa zinatoka. Za kuingia hazikuwapo.

Alifika getini bila kujua amefikaje. Mlinzi, ambaye enzi za hospitali alikuwa akipiga deki wadi zile zile, alimtazama usoni akaacha kupuliza chai yake.

"Umeitikia," akanong'ona.

"Nimeitikia nini?"

"Wagonjwa walikuwa wakibisha kutoka ndani, fundi. Wanataka watoke, waende kwao. Tulikatazwa kuitikia... na wengine walikufa, lakini kubisha hawakuacha."

"Nimechoka, ndugu yangu. Limenitoka tu."

"Basi wewe ndiye mwenyeji. Mgeni hulala kwa aliyemkaribisha."

"Haiwezekani nikamfungia tena?"

Mlinzi akageuza uso. "Komeo umelihamisha mwenyewe. Wa kulifunga sasa lazima awe ndani naye."

Fundi alifikiria nyumbani kwake. Mama watoto angekuwa anaosha vyombo, na kitinda mimba yuko mezani na vitabu vyake. Alikasirika, na hasira yenyewe ilikuwa imechoka. Kama mgeni hulala kwa mwenyeji, basi mwenyeji leo atalala hapa. Ya kesho atayajua kesho.

Akarudi koridoni. Akaingia chumba cha mwisho, akaketi kitandani, akasubiri.

Swa... swa... swa...

Nyayo zilikuja taratibu, kama za mtu anayeanza kutembea tena baada ya kulala kitandani siku nyingi. Zilipovuka kizingiti fundi aliinuka, akafunga mlango, akasukuma komeo. Lilizama sawasawa. Kazi yake ilikuwa hailalamikiwi. Akaketi tena.

Simu ikalia.

"Baba, uko wapi?" Alikuwa binti yake. "Maji yako ya kuoga yanapoa."

"Leo nalala kazini, mwanangu. Mwambie mama afunge mlango."

"Unaumwa? Sauti yako imekwisha."

"Nimechoka tu." Alitaka kumwambia kwamba anampenda, na kwamba chumba hiki asikitake tena. Lakini godoro lilibonyea kando yake, na harufu ya dawa ikamjaa puani. "Sikiliza, mwanangu. Mtu yeyote akibisha leo..."

Pumzi baridi ikapita shavuni mwake, ikaelekea kwenye simu.

"Hodi..."

Fundi aliiziba simu kwa kiganja. Alichelewa. Alikuwa amemlea mtoto yule vizuri, akamfunza kuamkia wakubwa, kupokea mizigo, kutomwacha mgeni asimame mlangoni.

"Karibu," binti aliitikia kwa ile sauti yake ya adabu. "Baba, uko na nani hapo?"

Godoro likainuka polepole.

"Usifungue," fundi alisema. "Mwanangu, usifungue."

Alikuwa ameshalivamia komeo. Lilikuwa limekaza, vidole vikateleza. Chumba kilikuwa kimya. Harufu ilikuwa imekwisha kabisa.

"Sikusikii vizuri, baba. Subiri kidogo, kuna mtu anabisha."

Simu ya kule iliwekwa mezani. Kisha fundi akalisikia komeo la mlango wa nyumbani kwake, alilolitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, likivutwa.