Puliza Kwanza

Siku ya mashindano kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Curragh, malori ya farasi yakiwa yamebanana langoni na kila mtu anataka kuondoka wa kwanza, Brid Tallon alishika mlango wa lori lake akakuta mkono wa mwanamume umeuziba. Mkono ule ulikuwa umeshika kipima ulevi.

"Puliza."

"Wewe ni nani?"

"Fintan Quirke, msaidizi wa mwalimu wa farasi. Kwetu farasi hapakiwi mpaka dereva apulize."

Brid alimwangalia: shati limepigwa pasi vizuri, tai imelegea, viatu vimejaa matope. Akapuliza. Sifuri.

"Na wewe, nani anakupima?" akamuuliza.

Fintan alicheka, akasema yeye haendeshi lori la farasi, anaendesha gari lake tu. Jibu lile lingetosha kumzindua, lakini alikuwa anacheka vizuri, na Brid akampa namba ya simu.

Basi zikawa simu. Kila jioni Fintan anapiga, anamwita dereva wangu, anauliza kama lori limelala salama. Brid anamwita bwana kipimo. Walikula chipsi kwenye gari hilohilo la Fintan, siki imewalowesha vidole, na kila mtu pale mjini Kildare akajua.

Na kila mtu alijua pia kwamba Fintan anakunywa. Mimi nimepigilia farasi wa huku viatu miaka ishirini, na nasema waziwazi: kazi yetu imeoza hapo. Wapanda farasi wanajinyima mkate ili uzito usizidi, wanajaza tumbo kwa mvinyo. Ukishinda unamiminiwa, ukishindwa unamiminiwa. Mtu akigonga ukuta, tunasema maskini, bahati mbaya. Upuuzi mtupu.

Mwezi wa sita farasi jike wa zizi la kina Fintan alishinda. Brid hakuwa kazini siku hiyo. Alikuja na gauni la kijani na kofia yenye unyoya, Fintan akashindwa kuondoa macho. Tajiri mwenye farasi huyo akafungua chupa, akafungua nyingine. Jua lilikuwa bado linawaka walipofika kwenye gari. Brid aliomba ufunguo.

"Glasi mbili tu, mpenzi. Njia hii naijua nikiwa nimefumba macho."

Brid akapanda. Mpaka leo hajajisamehe kwa hilo. Maili tatu mbele, kwenye kona, gari likaingia kwenye ukuta wa mawe, na kifundo cha mkono wa kulia wa Brid kikavunjika. Mkulima aliyekuwa karibu aliwakuta wameshatoka garini, akawakimbiza hospitali kabla polisi hawajafika, hivyo hakuna aliyejua nani alikuwa kwenye usukani.

Asubuhi simu ikalia. Alikuwa Culhane, mwalimu wa farasi, mjomba wake Fintan, sauti laini kama siagi. Alimwambia kwamba yeye Brid alikunywa chai tu, kila mtu alimwona, kwa hiyo awaambie polisi ni yeye aliyeendesha. Hakuna atakayeumia. Fintan amekubali, akasema.

Brid alikata simu kwa hasira. Dereva aliyegonga ukuta mchana kweupe, nani atampa farasi tena? Wanataka kumvunja mkono na kazi pia. Fintan alipiga simu mara kumi na moja siku hiyo. Hakupokea hata moja. Mwishowe akamwandikia: *Farasi wako humpakii na mlevi. Mimi ulinipakia. Halafu unamtuma mjomba wako.*

Fintan alisoma akiwa zizini. Hakuwa amemtuma mtu. Alimwendea Culhane, akauliza, na mzee akasema amefanya hivyo kumwokoa, kazi ni kazi. Fintan alitembea kwa miguu mpaka kituo cha polisi, akasema, "Niliendesha mimi, na nilikuwa nimelewa." Akafutiwa leseni miaka miwili. Zizini wengine waliacha kumsalimia, eti amemwaibisha mjomba. Mimi nilimpa mkono.

Brid alisikia habari hizo, akalia, lakini hakupiga simu. Alingoja mkono upone.

Mwezi wa kumi akarudi kazini, na zamu ya kwanza ikampeleka zizi la Culhane. Fintan alikuja kwa baiskeli, amekonda, amenyoa ndevu. Akanyoosha kipimo. Brid akapuliza. Sifuri.

Hakupanda. Alibadilisha mrija, akamnyooshea yeye.

"Siendeshi, Brid."

"Utakaa kando yangu. Puliza."

Akapuliza. Wote wawili waliinamia kile kidirisha kidogo. Sifuri.

"Siku ya mia na nne bila pombe," alisema Fintan. "Jumanne naenda kanisani, kwenye chumba cha nyuma, tunakaa walevi kumi na wawili tunaosaidiana kuacha, na chai mbaya. Na mjomba, sikumtuma mimi."

"Najua."

"Nikipuliza hivi mpaka mwaka uishe, utakubali nikuoe?"

Farasi walipokwisha kupakiwa, Brid alipanda, akawasha injini, akamfungulia mlango wa upande wa pili.

"Tutaanza kuhesabu kesho, saa kumi na mbili asubuhi," alisema. "Njoo upulize kwanza."