Njia Sitini na Mbili

Msichana aliyeitengeneza programu ya dawa ya hospitali alikuwa amesimama nyuma ya dirisha la famasia, akijaribu mistari ya programu aliyoiandika asubuhi, huku foleni ikinung'unika mbele yake. Alivaa blauzi ya rangi ya zambarau, na penseli ameichomeka kwenye nywele. Wote pale walimwita Fundi.

Kaka mmoja mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri akainama dirishani.

"Dada, mbona mashine inampa mama yangu nusu ya dozi?"

"Figo zake dhaifu. Mashine imeona, wewe hujaona."

"Basi ina macho mazuri, kama aliyeitengeneza."

Mzee aliyekuwa nyuma yake akamwambia achukue dawa aondoke, posa alete kesho. Foleni nzima ikacheka. Kaka akaondoka na dawa, na namba ya simu.

Kwa wiki tatu walipigiana simu kila mchana. Fundi akambandika jina la Foleni. Alijua kwamba mpenzi wake hupima programu za watu kwa programu nyingine, na hakuona ubaya wowote, mpaka hospitali ilipoiajiri kampuni ya Foleni ipime programu yake.

Kipimo kilihesabu kila mahali ambapo programu inabidi ichague njia. Kikomo kilikuwa njia kumi na tano kwa kila sehemu. Sehemu ya dozi ilikuwa na sitini na mbili, nayo ikatoka nyekundu. Foleni alikusudia kumwambia wakila chakula cha mchana. Alisahau kwamba kila alfajiri kipimo chenyewe hutuma ripoti kwa mkuu wa kitengo, pamoja na ushauri wa kawaida wa kampuni: sehemu nyekundu igawanywe au itupwe.

Mkuu akawaita wote wawili. Akataka sehemu ile igawanywe kabla ya Ijumaa, la sivyo itatupwa na kununuliwa nyingine iliyo rahisi.

Fundi alijifunza kazi hii peke yake, kwa vitabu vya kuazima. Sauti yake haikupanda.

"Sitaigawa kwa pupa ili rangi ibadilike. Nikikosea, kosa halitakuwa kwenye karatasi yako. Litakuwa kwenye kijiko cha mtoto."

Mkuu akamgeukia mpimaji. Foleni akatazama meza, akasema kipimo hakidanganyi.

Fundi akachukua daftari lake, akatoka.

Alipigiwa simu na Foleni mara nne. Ya tano akapokea.

"Mpenzi, niache nieleze."

"Swali moja tu. Ile sehemu umeisoma, au umeipima tu?"

"Nimeipima."

"Isome kwanza. Anzia njia ya thelathini na moja."

Foleni akaifungua. Mgonjwa akizidi miaka sabini, na figo zake zikiwa dhaifu, dozi iwe nusu. Akamkumbuka mama yake akimeza vidonge kwa maji ya uvuguvugu. Akaendelea kusoma: watoto njiti, wajawazito, wenye ini bovu. Akasoma zote.

Kesho yake akamwambia mkuu kwamba namba ni ya kweli ila ushauri si wa kweli, kwa kuwa ulitumwa kabla hajaisoma sehemu yenyewe. Akaandika mwingine: sehemu ibaki, kila njia itungiwe jaribio, ndipo igawanywe, kwa wiki tatu. Mkuu akamwonya kwamba kampuni yake itakasirika.

"Waache wakasirike."

Mkuu akausoma ushauri mpya mara mbili, akaupiga muhuri.

Foleni akaenda famasia, akavuta kiti, akaketi kando ya Fundi.

"Nisamehe. Lakini njia kumi na mbili umezirudia. Hapo kipimo kiliona."

"Najua. Niliogopa kuzigusa."

"Tutazigusa wawili."

Wakaanza moja moja: jaribio, jibu, alama ya penseli. Mfagiaji alipokuja kufunga madirisha, walikuwa wamefika njia ya kumi na tisa. Skrini bado ilikuwa nyekundu.

"Iache iwake," Fundi alisema.

"Yule mzee wa dirishani aliniambia nilete posa kesho. Nimechelewa?"

Fundi akachomeka penseli kwenye nywele, tabasamu likamjia, akalificha.

"Mwambie mama yako aje. Ila jioni. Asubuhi tuna ya ishirini."